Kusimamia miunganisho na mikondo ya QUIC: kufungua ni rahisi, kazi iko kwenye kufunga

Mafunzo mengi ya QUIC, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni, huishia pale ambapo muunganisho umefunguka na ujumbe wa kwanza umefika salama. Kwa programu inayokaa ofisini penye mtandao mzuri, huenda hayo yanatosha. Kwa programu inayosafiri ndani ya simu ya kondakta, hayatoshi kabisa. Hitilafu zinazotusumbua zaidi huku kwetu ni za mwisho, si za mwanzo: mkondo ambao hakuna aliyeumaliza, muunganisho uliokufa kimya huku upande mmoja ukiendelea kuuamini, seva iliyozimwa bila kuaga. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye kufungua, na nitakaa zaidi kwenye kumaliza.

Mfano nitakaoutumia ni programu ya kufuatilia mizigo ya mabasi kati ya Arua na Kampala. Wakala wa Arua anaskani furushi linapopakiwa, kondakta analithibitisha Nebbi, Pakwach na Karuma, kisha wakala wa Kampala analipokea. Seva iko Kampala. Njiani simu inaruka kutoka mnara hadi mnara, kuna vipande vya barabara ambako mtandao hupotea kabisa, na kwenye paki ya mabasi kuna Wi-Fi inayokuja na kuondoka.

QUIC ni itifaki ya usafirishaji inayopita juu ya UDP (njia ya kutuma pakiti bila kuhakikisha zimefika), na toleo lake la kwanza rasmi limeelezwa katika waraka wa viwango vya intaneti, RFC 9000 ya Mei 2021. Usimbaji wa TLS 1.3, unaoficha data njiani, umo ndani yake tangu mwanzo. HTTP/3, iliyotoka Juni 2022 kama RFC 9114, inatumia QUIC badala ya TCP, itifaki ya zamani inayopeleka data kwa foleni moja. Ndani ya muunganisho mmoja unaweza kuwa na mikondo mingi inayojitegemea: pakiti ya mkondo mmoja ikipotea, mikondo mingine haisimami kuisubiri. Msimbo nitakaouonyesha ni wa lugha ya Go na maktaba ya quic-go. Ukitumia aioquic ya Python au quinn ya Rust, majina yatabadilika lakini kanuni ni zile zile.

Hatua ya 1: Andika kwenye karatasi kila mkondo ni wa nani

Kabla hujaandika mstari hata mmoja wa msimbo, orodhesha aina zote za mikondo ambazo programu yako itahitaji. Kwa kila aina jibu maswali manne: nani anaufungua, nani anaandika ndani yake, unaishaje mambo yakienda sawa, na unaishaje yakiharibika. Kama swali la nne halina jibu, bado hujamaliza kubuni.

Kila mkondo una namba, na biti mbili za mwisho za namba hiyo ndizo zinazosema ni wa aina gani. Namba 0, 4, 8 na kuendelea ni mikondo ya pande mbili iliyofunguliwa na simu. 1, 5, 9 ni ya pande mbili iliyofunguliwa na seva. 2, 6, 10 ni ya upande mmoja kutoka kwa simu, na 3, 7, 11 ni ya upande mmoja kutoka kwa seva. Namba iliyokwisha kutumika hairudiwi katika muunganisho ule ule. Ukizizoea namba hizi, utaweza kusoma logi na kujua papo hapo nani alianzisha nini.

Kwa programu yetu, furushi moja ni mkondo mmoja wa pande mbili: simu inaandika taarifa, seva inajibu kwa risiti, mkondo unaisha. Picha ya furushi ni mkondo wa upande mmoja kutoka kwa simu. Matangazo ya seva, kwa mfano basi limechelewa au furushi fulani lishushwe Karuma, ni mkondo wa upande mmoja kutoka kwa seva, na huo unaishi muda wote wa muunganisho. Mkondo wa aina hii ya mwisho unahitaji sheria yake: ukifungwa wakati muunganisho bado uko hai, lichukulie kuwa kosa kubwa na ufunge muunganisho wote. HTTP/3 nayo inafanya hivyo kwa mkondo wake wa udhibiti.

Usikubali kishawishi cha kufungua mkondo mmoja mrefu na kuyapitisha mafurushi yote humo. Ukifanya hivyo umejirudishia foleni ya TCP, na pakiti moja iliyopotea karibu na Pakwach itasimamisha taarifa za mafurushi yote yaliyo nyuma yake.

Hatua ya 2: Fungua muunganisho mmoja, uutunze

Muunganisho mmoja kwa kila simu unatosha. Mikondo ni ya bei rahisi, miunganisho si rahisi hivyo. Salamu za mwanzo za QUIC huchukua mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi kabla data haijaanza kupita, wakati TCP pamoja na TLS 1.3 huchukua miwili. Kama seva yako iko Ulaya, mzunguko mmoja kutoka Kampala ni zaidi ya milisekunde 100 hata mtandao ukiwa mzuri. Watumiaji wako wakiwa hapa Uganda, iweke seva hapa, kwa mtoa huduma aliyeunganishwa na UIXP, kituo cha kubadilishana mtandao cha Kampala.

Kuna jambo moja la mwanzo ambalo wengi hawalioni. Pakiti ya kwanza ya simu hujazwa hadi ifike angalau baiti 1200, na seva hairuhusiwi kutuma zaidi ya mara tatu ya ilichopokea mpaka ihakikishe kwamba anwani ya simu ni ya kweli. Sheria hii inazuia seva kutumiwa kumfurikia mtu mwingine pakiti. Lakini kama mnyororo wa vyeti vyako ni mrefu, seva itafikia kikomo hicho katikati ya salamu na itabidi isubiri mzunguko mwingine. Tumia vyeti vya ECDSA na uondoe vya kati visivyohitajika.

Simu iliyowahi kuunganishwa inaweza kutuma data pamoja na salamu za kwanza kabisa, kinachoitwa 0-RTT. Data hiyo inaweza kunaswa na mtu na kutumwa tena kwa seva. Itumie kwa kusoma tu, kama kuomba orodha ya mizigo ya safari. Usiitumie kamwe kusema "furushi limekabidhiwa".

Hatua ya 3: Maliza kila nusu ya mkondo

Mkondo wa pande mbili ni nusu mbili zinazoishi na kufa kila moja kwa wakati wake. Nusu yako ya kuandika inaisha unapotuma biti ya FIN, alama ya "nimemaliza". Nusu yako ya kusoma inaisha unaposoma mpaka FIN ya mwenzako, au unapokataa kuendelea kusoma. Mkondo haujaisha mpaka nusu zote mbili ziishe. Hivi ndivyo mkondo wa furushi unavyotakiwa kuonekana upande wa simu:

```go
str, err := conn.OpenStreamSync(ctx)
if err != nil {
    return err
}
// ikiwa tumeshasoma mpaka mwisho, mstari huu haufanyi kitu
defer str.CancelRead(kosaNimeacha)
str.SetDeadline(time.Now().Add(20 * time.Second))

if _, err := str.Write(taarifa); err != nil {
    str.CancelWrite(kosaNimeacha)
    return err
}
if err := str.Close(); err != nil { // inafunga kuandika tu
    return err
}
risiti, err := io.ReadAll(io.LimitReader(str, 4096))
```

Tazama `Close`. Kwenye quic-go inafunga nusu ya kuandika peke yake. Aliyezoea faili au soketi za TCP atadhani kila kitu kimefungwa, aondoke bila kusoma jibu, na nusu ya pili ibaki inaning'inia. Ndiyo maana ya ule mstari wa `defer`: kwa njia yoyote utakayotoka kwenye kazi (function) hii, nusu ya kusoma itapata mwisho wake.

Sasa suala la risiti. Malalamiko yanayokuja kwa simu kutoka paki ya Arua huwa ya namna hii: "Kaka, programu imeandika 'imetumwa', lakini Kampala wanasema furushi halimo kwenye orodha." Ukichimba, utakuta msimbo ulihesabu kazi imekwisha mara tu `Close` iliporudi bila kosa. `Close` ikirudi, maana yake ni kwamba umemaliza kuandika. Baadaye QUIC ya upande wa pili itathibitisha kwamba baiti zote zimefika pamoja na FIN. Uthibitisho huo nao ni wa maktaba ya mtandao tu. Hausemi kwamba programu ya seva imesoma, wala kwamba hifadhidata imeandika. Seva inaweza kuanguka katikati ya hayo mawili, na simu isijue lolote.

Kwa hiyo andika "limepokelewa" kwenye kioo cha simu pale tu risiti ya seva imesomwa hadi mwisho. Kabla ya hapo andika "inatumwa". Na kila furushi lipewe kitambulisho chake na simu yenyewe, kabla halijatumwa, ili likitumwa mara mbili seva ilitambue na kurudisha risiti ile ile ya kwanza. Bila kitambulisho hicho, kila mara mtandao unapokatika utalazimika kuchagua kati ya kupoteza furushi na kuliandika mara mbili, na hakuna itifaki itakayokuokoa.

Hatua ya 4: Ghairi kwa kusema sababu

Kondakta anapiga picha ya furushi, inaanza kupanda polepole, kisha anaona imetoka na ukungu na anapiga nyingine. Picha ya kwanza haina kazi tena. Ukiiacha iendelee, inakula bando la mtu na kuichelewesha ile nzuri. Simu iite `CancelWrite`, ambayo inatuma fremu (ujumbe mdogo wa QUIC ndani ya pakiti) ya RESET_STREAM: kuanzia hapo baiti za mkondo huo zilizopotea hazitumwi tena. Seva nayo ikigundua kwamba picha hiyo tayari inayo, inaita `CancelRead`, ambayo inatuma STOP_SENDING, na simu ikiwa bado inaandika inalazimika kujibu kwa RESET_STREAM.

RESET_STREAM hubeba vitu viwili muhimu. Cha kwanza ni ukubwa wa mwisho wa mkondo, ili pande zote mbili zikubaliane ni baiti ngapi zimehesabiwa kwenye mgao wa muunganisho (nitaueleza hatua ya 5) hata kama nyingine hazikufika. Ukubwa huo haubadiliki ukishatajwa. Anayeubadilisha anafungiwa muunganisho mzima kwa kosa la FINAL_SIZE_ERROR. Cha pili ni namba ya kosa, na hiyo ni yako kuipanga. Usitumie sifuri kwa kila kitu. Iga HTTP/3, ambayo inatenganisha ombi lililokataliwa kabla halijashughulikiwa, ambalo ni salama kulituma tena, na ombi lililoachwa katikati, ambalo huenda limeshafanya kitu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoiambia simu kama inaweza kujaribu tena yenyewe au imuulize mtu.

Hatua ya 5: Elewa vibali, maana hapo ndipo programu huganda

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa kila mtu aisome mara mbili. QUIC haimruhusu mtu kufungua mikondo ovyo. Kila upande unampa mwenzake kibali: unaweza kufungua mikondo mpaka idadi hii. Kibali hicho ni jumla tangu muunganisho ulipoanza, na kinaongezwa kwa fremu ya MAX_STREAMS kadiri mikondo ya zamani inavyoisha. Kwenye quic-go, kikomo cha mikondo inayoingia, usipokigusa, ni 100 kwa wakati mmoja.

Fikiria msimbo wa seva unaojibu furushi kisha unasahau kufunga nusu yake ya kuandika, huku simu ikisoma risiti bila kusubiri FIN wala kuita `CancelRead`. Mafurushi 100 ya kwanza yatakwenda bila shida na kila mtu atafurahi. Simu ikitaka kufungua mkondo wa 101, `OpenStreamSync` itasubiri. Hakuna kosa, hakuna ujumbe, kimya tu. Kondakta anaizima programu na kuiwasha, muunganisho mpya unaanza na vibali vipya, na kila kitu kinaonekana kimepona mpaka basi likijaa tena. Ukisikia watu wanasema "ukiizima na kuiwasha inafanya kazi", anza kwa kuhesabu mikondo iliyo wazi. Na kamwe usiite `OpenStreamSync` bila `ctx` yenye muda wa mwisho, la sivyo subira hiyo haina kikomo.

Kuna vibali vya aina nyingine, vya baiti. Kila mkondo una mgao wake na muunganisho wote una mgao wake juu ya hapo. Mgao unaongezwa programu inaposoma data, haitoshi data kufika. Seva ikipokea mikondo kumi ya picha na kuacha kuisoma kwa sababu diski imejaa, picha hizo zinaweza kumaliza mgao wa muunganisho mzima, na taarifa ya furushi yenye baiti mia mbili ikakosa nafasi ya kupita. Tiba ni moja: soma, au ghairi. Mkondo usioutaka uite `CancelRead` mara moja, usiupe kisogo tu.

Upande wa seva, weka pia macho kwenye anayefungua na kughairi kwa kasi. Oktoba 2023 ilitangazwa njia ya kushambulia HTTP/2, CVE-2023-44487, iliyotumia mchezo huo huo: ombi linafunguliwa, linaghairiwa papo hapo, nafasi inarudi, linafunguliwa jingine, huku seva ikibaki na kazi ya yote. Google walisema waliona shambulio lililofika maombi milioni 398 kwa sekunde. Kwenye QUIC ni seva inayotoa vibali, kwa hiyo una nafasi ya kuvichelewesha. Hesabu mikondo iliyoghairiwa kwa kila muunganisho, na usiongeze kibali mpaka kazi yenyewe ya mkondo uliopita iwe imesimama kweli ndani ya programu yako.

Hatua ya 6: Panga muda wa ukimya

Katika salamu za mwanzo kila upande unatangaza muda ambao utavumilia ukimya, na unaotumika ni ule mdogo kati ya miwili. Ukiweka sekunde 60 kwenye simu na kuiacha seva na sekunde 30 ambazo quic-go huweka yenyewe, umepata 30. Muda ukiisha, muunganisho unafutwa bila hata pakiti moja ya kuaga.

```go
conf := &quic.Config{
    MaxIdleTimeout:  60 * time.Second,
    KeepAlivePeriod: 20 * time.Second,
}
```

Kwa nini pakiti ya kuamsha (`KeepAlivePeriod`) kila sekunde 20? Kwa sababu kati ya simu na seva kuna mtambo wa NAT wa kampuni ya simu, ambao unaziweka simu nyingi nyuma ya anwani moja na kukumbuka nani ni nani kwa muda mfupi. Mapendekezo ya RFC 4787 yanaitaka mitambo hiyo ikumbuke mawasiliano ya UDP kwa angalau dakika mbili, lakini RFC 9000 inakiri kwamba ili usisahauliwe na mitambo mingi unahitaji kutuma kitu kila sekunde 30. Sekunde 20 inakupa nafasi ya kupoteza pakiti moja moja.

Ila kila pakiti ya kuamsha inawasha redio ya simu na kula betri. Sioni sababu ya kondakta aliyelala Arua usiku kucha kuwa na simu inayopiga kelele kila sekunde 20. Iwashe wakati safari inaendelea na kuna mizigo isiyothibitishwa. Basi likifika, funga muunganisho rasmi au uuache ufe kwa ukimya, kisha ufungue mwingine kesho.

Hatua ya 7: Ruhusu simu ihame

TCP inautambua muunganisho kwa anwani na milango ya pande mbili, kwa hiyo simu ikitoka Wi-Fi ya paki na kuingia data ya laini, muunganisho umekwisha. QUIC inautambua kwa kitambulisho cha muunganisho, chenye hadi baiti 20, kinachobebwa ndani ya pakiti. Anwani inaweza kubadilika na mikondo ikaendelea pale ilipoishia.

Seva ikiona pakiti halali kutoka anwani mpya, inatuma PATH_CHALLENGE yenye baiti nane za kubahatisha, na simu inazirudisha kama zilivyo kwenye PATH_RESPONSE. Katika toleo la kwanza ni upande wa simu tu unaoweza kuhama, na hauruhusiwi kuhama kwa hiari yake kabla salamu hazijathibitishwa. Kila njia mpya inatakiwa kutumia kitambulisho kipya, ili anayechungulia asiweze kumfuata mtu kutoka mtandao hadi mtandao. Kwa hiyo hakikisha seva inatoa vitambulisho vya akiba.

Ukiwa na seva zaidi ya moja nyuma ya kisawazisha mzigo, kisawazisha hicho kigawe pakiti kwa kitambulisho cha muunganisho. Kikigawa kwa anwani, simu ikihama pakiti zitaangukia seva isiyoujua muunganisho huo.

Hatua ya 8: Funga kwa utaratibu

Fremu ya CONNECTION_CLOSE inamaliza kila kitu papo hapo. Mikondo yote iliyo wazi inahesabiwa imekatwa, na data iliyokuwa inasubiri kutumwa haitumwi. Kwa hiyo `conn.CloseWithError` si mahali pa kumalizia kazi, ni mahali pa kuja kazi ikiwa imekwisha. Utaratibu ni huu: acha kufungua mikondo mipya, subiri iliyopo iishe kwa muda uliojiwekea, ghairi iliyobaki kwa namba ya kosa inayosema ukweli, ndipo ufunge muunganisho.

Ukizima seva ili kuweka toleo jipya, itangulize tangazo. HTTP/3 ina GOAWAY, inayobeba namba ya mkondo: maombi yenye namba hiyo na zaidi hayakushughulikiwa wala hayatashughulikiwa. Kama una itifaki yako mwenyewe, weka ujumbe kama huo kwenye mkondo wa matangazo. Simu ikiupata inajua kwa hakika ni mafurushi yapi iyatume upya kwa seva nyingine, na ni yapi iyasubirie risiti.

Baada ya kutuma CONNECTION_CLOSE, usikimbilie kufunga soketi ya UDP. Pakiti hiyo inaweza kupotea, na mwenzako akaendelea kukutumia data. Aliyefunga anatakiwa kubaki kwa angalau mara tatu ya PTO (muda wa kusubiri kabla ya kudhani pakiti imepotea), akirudia ujumbe wa kufunga pale anapopokea pakiti za zamani, bila kujibu kila moja. Aliyefungiwa anabaki muda huo huo lakini hatumi chochote. PTO inapatikana kwa kujumlisha wastani wa mzunguko, mara nne ya mabadiliko yake, na ucheleweshaji wa juu wa uthibitisho, ambao kwa kawaida ni milisekunde 25. Chukua simu yenye wastani wa milisekunde 180 na mabadiliko ya 20: 180 + 80 + 25 ni 285, mara tatu ni 855. Chini ya sekunde moja. Iache programu yako isubiri muda huo kabla haijatoka.

Hatua ya 9: Jiandae kwa seva inayoanguka

Umeme ukikatika, seva haitumi salamu yoyote ya kuagana. Ikiwaka tena, kumbukumbu yake ni tupu, na simu bado inatuma pakiti za muunganisho ambao seva haiujui. Bila maandalizi, simu itasubiri mpaka muda wa ukimya uishe. Kwa hilo QUIC ina ufutaji usiohitaji kumbukumbu: kila kitambulisho cha muunganisho kinatolewa pamoja na tokeni ya baiti 16, na seva iliyopoteza kumbukumbu inaweza kuitengeneza upya tokeni hiyo kutokana na ufunguo wa siri na kuituma. Simu ikiitambua, inaacha mara moja na kufungua muunganisho mpya.

Yote hayo yanategemea ufunguo ule ule kuwepo baada ya kuwaka. Kwenye quic-go ni `StatelessResetKey` ya `Transport`. Uhifadhi kwenye diski kwa usalama, usiutengeneze upya kila seva inapoanza. Na usiziwekee seva mbili ufunguo mmoja kama kuna uwezekano wa pakiti kupotea njia kati yake: seva isiyoujua muunganisho itaua muunganisho ulio hai kwenye nyingine.

Njia yenyewe pia hufa. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja na mtandao wa Afrika Mashariki ukazorota, Uganda ikiwemo. Seva iliyo nje siku kama hiyo haianguki, ila pakiti haziendi. Simu ijaribu tena kwa vipindi vinavyoongezeka na vyenye bahati nasibu kidogo ndani yake, ili mtandao ukirudi simu zote zisigonge mlango kwa sekunde moja. Mafurushi yakae kwenye hifadhi ya simu mpaka risiti ije.

Hatua ya 10: Ijaribu vibaya, na uandike sababu

Mtandao wa ofisini utakudanganya. Uharibu kwa makusudi:

```
sudo tc qdisc add dev eth0 root netem delay 90ms 40ms loss 5%
sudo iptables -A INPUT -p udp --dport 4433 -j DROP
```

Mstari wa kwanza unachelewesha na kupoteza pakiti. Wa pili, ukiutekeleza kwenye seva katikati ya kutuma, unaiga muunganisho uliokufa kimya. Uondoe kabla ya muda wa ukimya kuisha uone kama mikondo inaendelea, kisha urudie na uuache upite muda huo. Zima Wi-Fi ya simu wakati picha inapanda. Ua seva kwa `kill -9` na upime simu inachukua muda gani kugundua. Tuma mafurushi 300 kwenye muunganisho mmoja bila kuuzima. Jaribu pia kwenye mtandao wa ofisi unaozuia UDP, maana ipo, na hapo programu inatakiwa kurudi kwenye TCP yenyewe bila kumsumbua mtu.

Washa qlog, logi maalumu ya QUIC, wakati wa majaribio. Inaandika kila fremu na kila badiliko la hali. Kwenye uzalishaji inatosha kuandika mstari mmoja kila muunganisho unapokufa: mikondo mingapi ilikuwa wazi, uliishi muda gani, na sababu. quic-go inazitenganisha sababu kwa aina: `IdleTimeoutError`, `StatelessResetError`, `ApplicationError`, `TransportError`, na kwa mkondo mmoja mmoja `StreamError`, ambayo pia inasema kama aliyeghairi ni wewe au ni wa upande wa pili. Zitenganishe kwa `errors.As` na uziandike kwa majina yake. `IdleTimeoutError` zikiongezeka kwenye safari za usiku peke yake, kagua mpangilio wa kuamsha. `StatelessResetError` zikitokea bila seva kuzimwa, kagua kisawazisha mzigo. Na `StreamError` zenye namba ya kosa ambayo haimo kwenye karatasi yako ya hatua ya kwanza zinaonyesha kwamba kuna mahali kwenye msimbo panapoghairi mkondo bila mtu kupapanga; patafute kwa hiyo namba.